Ulikuwa Wapi Siku Ile? Kumbukumbu Tunazoziapia na Makosa Yanayojificha Ndani Yake

Ndugu wawili waliokulia nyumba moja wanazungumza juu ya siku minara pacha ya New York ilipoanguka. Dada anasema walikuwa wote sebuleni, wakaona kwenye televisheni. Kaka anakataa. Yeye alikuwa njiani, habari akaisikia kwenye redio ya gari lililokuwa limeegeshwa, na akasimama hapo mpaka dereva akamwuliza anataka nini. Kila mmoja anakumbuka hadi jua lilivyokuwa likipiga. Kila mmoja yuko tayari kuapa. Baada ya dakika kumi mazungumzo yamegeuka ugomvi, maana kwa kila mmoja wao mwenzake sasa ni mwongo.

Mabishano ya namna hii huibuka kila kumbukizi ya tukio kubwa inapofika, na huwa makali zaidi pale mtu maarufu anaposimulia alikokuwa siku fulani, kisha watu wakafukua maelezo yake ya zamani na kukuta hayalingani. Hukumu haichelewi: njia ya mwongo ni fupi, huyu kanaswa. Wakati mwingine ni kweli kanaswa. Mara nyingi zaidi, hakuna mwongo hata mmoja pale.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kulikumbuka tukio lenyewe: kwamba minara ilianguka, kwamba ilikuwa tarehe 11 Septemba 2001. Halafu kuna kukumbuka namna habari ilivyokufikia: ulikuwa wapi, ulikuwa ukifanya nini, nani alikuambia, ulijisikiaje, waliokuwa karibu nawe walifanya nini, na kilichofuata. La kwanza limeandikwa magazetini na vitabuni, ukikosea utasahihishwa kesho yake. La pili limo kichwani mwako tu, na hakuna gazeti lililoandika kwamba wewe ulikuwa umeshika ndoo.

Hilo la pili wanasaikolojia wameliita kumbukumbu ya mmweko. Jina limetokana na mmweko wa taa ya kamera, ile flashi inayowaka mara moja gizani na kunasa kila kilichopo, cha maana na kisicho na maana. Unakumbuka habari ya kifo cha kiongozi, na pamoja nayo unakumbuka rangi ya pazia. Pazia halikuwa na kazi yoyote katika historia, lakini limo kwenye picha.

Watu walianza kulichunguza jambo hili zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1899 mtafiti wa Marekani, F. W. Colegrove, alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi waliposikia kwamba Abraham Lincoln amepigwa risasi. Lincoln alipigwa risasi Aprili 1865, zaidi ya miaka 30 nyuma. Hata hivyo watu 127 walitoa maelezo kamili: mahali, saa, aliyewapa habari. Colegrove alishangazwa na nguvu ya kumbukumbu hizo. Jambo moja tu hakuwa nalo, nalo ni njia ya kujua kama waliyomwambia ndiyo yaliyotokea.

Jina lenyewe lilikuja mwaka 1977, pale Roger Brown na James Kulik walipowahoji Wamarekani 80, nusu yao weusi na nusu weupe, kuhusu mauaji ya viongozi mbalimbali. Kuhusu Rais John F. Kennedy, aliyeuawa tarehe 22 Novemba 1963, watu 79 kati ya 80 walikuwa na kumbukumbu ya mmweko. Kuhusu Martin Luther King, aliyeuawa Aprili 1968, hesabu iligawanyika: weusi 30 kati ya 40, weupe 13 kati ya 40. Nadhani hilo ndilo tunda bora la utafiti ule, ingawa halitajwi sana. Habari ni ile ile na nchi ni ile ile, lakini kuna waliosikia kwamba mtu maarufu ameuawa, na kuna waliosikia kwamba wao wenyewe wamepigwa. Kichwa hutunza kwa kadiri jambo lilivyomgusa mwenyewe.

Kutokana na majibu hayo Brown na Kulik walipendekeza kwamba ubongo una mtambo maalumu wa kuchapa. Mshtuko mkubwa ukiingia, mtambo unawashwa, na kila kilichopo kinachapwa papo hapo na kubaki. Fikra hiyo ilipendwa sana kwa sababu inalingana kabisa na tunavyojihisi. Lakini nao, kama Colegrove, walikuwa wameuliza miaka mingi baada ya tukio. Walipima jinsi watu wanavyokumbuka kwa uhakika. Kama wanakumbuka sawasawa, hawakuwa na namna ya kupima.

Aliyeutilia shaka mtambo huo kwa sauti kubwa alikuwa mwanasaikolojia Ulric Neisser, na shaka ilianzia kwenye kichwa chake mwenyewe. Kwa miaka mingi Neisser alikumbuka wazi siku Japani ilipoishambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani, tarehe 7 Desemba 1941. Alikuwa mvulana aliyebakiza siku moja kutimiza miaka 13. Alikuwa sebuleni akisikiliza mchezo wa besiboli redioni, matangazo yakakatizwa kwa ajili ya habari, naye akakimbia ghorofani kumwambia mama yake. Aliibeba picha hiyo mpaka utu uzimani bila kuikagua. Kisha siku moja ikamjia: nani anacheza besiboli Desemba? Msimu wa mchezo huo Marekani huisha kabla ya majira ya baridi. Mchezo aliokuwa akiukumbuka haukuwepo.

Ndipo lilipotokea janga lililompa nafasi ya kupima jambo hili ipasavyo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa, mmoja wao akiwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Asubuhi iliyofuata Neisser aliwapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi, waandike kwa mkono wao jinsi walivyoipata habari. Kisha akazifungia kabatini.

Miaka miwili na nusu baadaye, yeye na Nicole Harsch waliwatafuta wanafunzi 44 kati ya wale, wakawauliza maswali yale yale, wakalinganisha. Kwa kipimo chenye alama 7 za juu, wastani haukufika hata 3. Wanafunzi 11 walipata sifuri: mahali si pale, aliyewaambia si yule, shughuli si ile. Waliopata alama zote walikuwa 3 tu. Lakini walipoulizwa wana uhakika kiasi gani na majibu yao, kwa kipimo cha 1 hadi 5, wastani ulizidi 4.

Robo tatu yao hawakukumbuka hata kwamba waliwahi kujaza karatasi yoyote. Na walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, watafiti walitarajia wengi wapige kelele ya "aa, kumbe!" na kurudiwa na ile picha ya kwanza. Haikurudi kwa hata mmoja. Waliutazama mwandiko wao kama mtu anayesoma barua ya jirani. Wengine waliendelea kushikilia toleo jipya.

Kilitokea nini? Baadhi ya makosa yale yanatoa kidokezo. Siku ile ya kwanza, karibu mmoja kati ya watano aliandika kwamba habari aliipata kwa televisheni. Baada ya miaka miwili na nusu, karibu nusu walisema televisheni. Habari waliipata darasani au kwa rafiki, kisha wakaenda kutazama televisheni saa nzima, na picha za televisheni, zilizorudiwa siku nenda siku rudi, zikasogea mpaka zikakaa mlangoni pa kumbukumbu. Hawakubuni kitu, maana televisheni waliitazama kweli. Walichokosea ni mpangilio: kilichofuata kikawekwa mwanzo.

Ili kuelewa hili inabidi tuiache kamera. Hebu fikiria barua ya zamani inayonakiliwa kwa mkono. Kila unapoikumbuka siku ile na kuisimulia, huendi kuisoma barua ya asili. Unanakili nakala uliyoandika mara ya mwisho. Neno lililofifia unalijaza kwa kukisia, na kukisia kwako kuna akili, unachagua neno linaloleta maana. Safari ijayo neno lile la kukisia limeshaandikwa kwa wino ule ule, huwezi kulitofautisha na mengine. Kosa lililoingia nakala ya tatu litakuwemo kwenye nakala ya thelathini, na kadiri unavyolinakili ndivyo mkono unavyolizoea. Ndiyo maana hadithi tunazozisimulia sana huwa laini, hazina makwazo. Mimi nina yangu ya Septemba 11, chumba kilichojaa watu waliosimama wakati viti viko vitupu. Nimeisimulia mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi naisikia sauti yangu ikiisimulia kabla sijaiona.

Na mshtuko je, haukoleshi kumbukumbu? Unakolesha, ila si sawasawa kila mahali. Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini na homoni nyingine za dharura, na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika sana na hofu na hisia kali, huisukuma sehemu ya jirani yake ya kutunza kumbukumbu ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Lakini macho na masikio ya mtu aliyeshtuka hubana. Yanakaza kwenye kiini cha jambo na kuacha pembeni. Ni kama tochi kali kwenye chumba cha giza: panapoangaziwa panaonekana hadi chembe ya vumbi, kwingine hapaonekani kitu. Baadaye, tunapoikumbuka siku hiyo, giza halituridhishi. Tunataka chumba kizima, na tunakichora.

Wiki ya Septemba 2001 iliwakuta watafiti wakiwa tayari. Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke waliwakusanya wanafunzi 54 tarehe 12 Septemba, siku moja tu baada ya shambulio, wakawataka waandike mambo mawili: namna walivyoipata habari ile, na tukio jingine la kawaida la siku chache kabla, sherehe au mchezo au jioni ya kusoma. Kisha wakawarudia, wengine baada ya wiki 1, wengine wiki 6, wengine wiki 32.

Ungedhani kumbukumbu ya shambulio ingesimama imara na ya sherehe ikamomonyoka. Zote mbili zilimomonyoka, tena kwa mwendo ule ule. Makosa yaliongezeka sawa. Tofauti ilikuwa kwingine: kumbukumbu ya kawaida ilipofifia, mwenyewe alihisi inafifia, akasema sina hakika sana. Ile ya Septemba 11 ilififia bila mwenyewe kuambiwa. Aliendelea kuiona angavu na kuiamini kama siku ya kwanza. Kwa hiyo kinachozipa kumbukumbu za mmweko upekee wake si usahihi. Ni imani. Kengele inayotuonya kwamba tunaanza kukisia, kwenye kumbukumbu hizi hailii.

Hapo ndipo tunaweza kurudi kwa yule mtu maarufu aliyenaswa. Baada ya shambulio lile, Rais George W. Bush alisimulia hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba kabla hajaingia kwenye darasa la shule ya msingi alilokuwa akilitembelea Florida, aliona kwenye televisheni ndege ya kwanza ikiugonga mnara. Haiwezekani. Picha za ndege ya kwanza zilikuwa bado hazijaonyeshwa na kituo chochote asubuhi ile. Zilizoonekana moja kwa moja ni za ndege ya pili. Wapenda nadharia za njama walishangilia: basi alikuwa na picha za siri, basi alijua! Maelezo mepesi zaidi yapo, na ni yale yale ya wanafunzi wa Challenger. Aliiona ndege ya kwanza baadaye kama tulivyoiona sote, na akili ikaishona mahali inapostahili kwenye mfuatano wa hadithi. Watu wengi wasio marais wamekosea hivyo hivyo kuhusu siku hiyo.

Kuna jaribio la Uholanzi linaloonyesha jinsi mshono huo ulivyo rahisi. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al, shirika la ndege la Israeli, iliangukia majengo ya ghorofa mjini Amsterdam. Miezi 10 baadaye watafiti waliwauliza watu: je, uliiona ile filamu ya televisheni ya ndege ikigonga jengo? Zaidi ya nusu walijibu ndiyo. Filamu hiyo haikuwahi kuwepo. Hakuna aliyekuwa na kamera pale kwa wakati ule. Walikuwa wameona moto, vifusi, waokoaji na michoro, wamesikia masimulizi, na swali lenyewe likawakabidhi kipande kilichobaki. Ukiwa na tabia ya kuwauliza watoto au wageni wako maswali ya "unakumbuka ile...?", jua kwamba unaweza kuwa unawapa kumbukumbu badala ya kuiomba.

Lakini nisivuke mpaka, maana kuna upotofu wa upande wa pili nao unakua: kwamba kumbukumbu zote ni bure, hakuna wa kuaminiwa. Si hivyo. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la ardhi liliikumba California ya kaskazini. Neisser na wenzake waliwauliza waliotikiswa nalo, na pia watu wa Atlanta, mbali kabisa, waliolisikia kwenye habari. Mwaka na nusu baadaye waliotikiswa walikumbuka karibu bila kosa. Wa Atlanta walikosea kama kawaida. Kuambiwa ni jambo moja, sakafu kucheza chini ya miguu yako ni jingine.

Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alipojiuzulu Novemba 1990, watafiti waliwahoji watu wa Uingereza na wa nchi nyingine. Baada ya miezi 11, Waingereza 86 kati ya 100 bado walikuwa na maelezo yanayolingana na ya mwanzo, na kwa wageni ni 29 tu kati ya 100. Hapa tunaona tena kile kilichojitokeza kwa King: uzito wa jambo kwako. Na huko Denmark, wazee wenye zaidi ya miaka 70 waliulizwa juu ya siku Wajerumani walipoivamia nchi yao Aprili 1940 na siku ya ukombozi Mei 1945. Waliulizwa hali ya hewa ilikuwaje na ilikuwa siku gani ya juma, vitu vinavyoweza kuhakikiwa kwenye rekodi. Miaka 60 ilikuwa imekwisha pita, na bado walipatia vizuri sana kuliko vijana waliokuwa wakikisia. Kwa hiyo bibi akikuambia siku ile kulikuwa na jua, usimkatize.

Waliofuatilia jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni kundi la William Hirst, waliowahoji Wamarekani zaidi ya 3,000 ndani ya wiki ya shambulio la Septemba 2001, kisha wakawarudia kwa vipindi hadi mwaka wa kumi. Sehemu kubwa ya kusahau na kubadilika ilitokea ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo hadithi iliganda, na kosa lililokuwa limekwisha ingia liliendelea kurudiwa. Jambo lililokumbukwa vibaya kuliko mengine yote lilikuwa hisia zao wenyewe. Mtu anaweza kukosea chumba, lakini kumbe anakosea zaidi alivyojisikia ndani ya chumba hicho. Tunawavika watu tuliokuwa zamani hisia tulizo nazo leo.

Hili lisichanganywe na ile imani iliyopewa jina la Mandela, ya watu wanaoapa kwamba walisikia Nelson Mandela amefia gerezani miaka ya 1980. Mandela aliachiwa tarehe 11 Februari 1990, akawa rais mwaka 1994, na alifariki tarehe 5 Desemba 2013. Kosa hilo linahusu tukio lenyewe, na laweza kusahihishwa kwa gazeti lolote la zamani. Halihitaji dunia mbili zinazokwenda sambamba, kama wengine wanavyodai. Linahitaji tu watu wengi waliosikia nusu nusu.

Na wale ndugu wawili? Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Hawa hawafichi kitu. Dada anaweza kuwa anakumbuka saa ya jioni walipokaa wote sebuleni, na kaka anaweza kuwa anakumbuka dakika ya kwanza, au kinyume chake, au wote wamekosea. Njia pekee ya kujua ni karatasi: ujumbe wa simu wenye saa, shajara, barua iliyoandikwa usiku ule ule. Likitokea tena jambo la kuitikisa dunia, andika kabla hujalala, mistari mitano inatosha. Kisha usimwonyeshe mtu, usiisome, na ujiulize baada ya miaka mitatu. Na ukikuta mwandiko wako unakupinga, uamini mwandiko, hata kama moyo unakataa.

Nimalizie deni la besiboli. Neisser alipoandika kisa chake mwaka 1982, alikitumia kuonyesha kumbukumbu iliyokosea kabisa. Miaka minne baadaye watafiti wengine wawili waliipekua siku ile ya 1941, wakagundua kwamba redioni kulikuwa na mchezo kweli, na matangazo yake yalikatizwa kweli kwa ajili ya habari ya Pearl Harbor. Ulikuwa mchezo wa futiboli ya Kimarekani, kwenye uwanja wa Polo Grounds, New York, uwanja uliojulikana sana kwa besiboli. Timu zilizocheza ziliitwa Giants na Dodgers, na mjini humo humo kulikuwa na timu mbili za besiboli zenye majina hayo hayo.